Nguvu za kuchuma na nguvu za kununua

Mzazi akimkuta mwanawe ameinamia simu barazani, mara nyingi huuliza mambo mawili: umeanza saa ngapi, na bando kakununulia nani. Yote mawili ni maswali ya haki. Lakini lipo la tatu ambalo ni nadra kuulizwa, nalo ndilo lingemwonesha mzazi kinachoendelea ndani ya simu hiyo: wewe humo ni nani?

Maana katika michezo mingi ya mtandaoni mtoto haingii kama yeye. Huingia kama mtu mwingine, mwenye jina, vazi na uwezo ambao binadamu hana. Mmoja anakimbia kushinda pikipiki, mwingine anaruka angani, wa tatu anawainua majeruhi. Na kabla ya kuanza lazima achague. Akichagua uwezo huu, ule mwingine ameukosa. Katika uchaguzi huo mna mafunzo mazuri kwa mtoto, na humo humo ndimo wafanyabiashara walimotandika jamvi lao.

Utaratibu huu haukuanzia kwenye simu. Kwa upande wa michezo ya mashujaa, uliopanga mambo kwa uwazi zaidi ni City of Heroes, uliotoka Marekani tarehe 28 Aprili 2004. Wakati huo Pemba ikitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha. Umeme wa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulikuja mwaka 2010. Kwa hiyo ni wachache mno kisiwani ambao wangeweza kuuona, seuze kuucheza. Lakini anayeufahamu mpangilio wa mchezo ule wa zamani hatababaika na huu ulio mkononi mwa mwanawe leo.

Mchezaji alichagua aina moja ya shujaa kati ya tano. Ya kwanza ni ile inayostahili kuitwa kifaru. Mwili wake ni kama chuma, husimama mbele na kuwachokoza maadui kusudi wampige yeye wawaache wenzake. Ngumi yake si nyepesi, lakini si yeye anayemaliza vita. Ya pili ni mpigaji wa mbali, mwenye kurusha moto, barafu au umeme. Huyu huangusha maadui haraka kuliko wote, na yeye huanguka haraka kuliko wote, kwani hana ngao ya maana. Ya tatu ni mpiganaji wa karibu, wa makucha na mapanga, anayeweza kwenda peke yake akarudi salama. Ya nne ni mdhibiti: huwagandisha maadui, huwalaza usingizi, huwafunga miguu, lakini pigo lake mwenyewe ni dogo. Ya tano ni mlinzi, ambaye kazi yake ni kuwatibu wenzake, kuwaongezea nguvu na kuwadhoofisha maadui.

Timu moja ilichukua hadi wachezaji wanane. Waliotengeneza mchezo walihakikisha kwamba hakuna aliyepewa kila kitu. Kifaru asiye na mlinzi nyuma yake alichakaa taratibu mpaka akaanguka. Mpigaji wa mbali asiye na kifaru mbele yake hakumaliza dakika. Anayeshabikia mpira haoni ajabu: kipa hafungi mabao, na hakuna anayemlaumu.

Na nguvu hazikuja kwa siku moja. Shujaa alipanda ngazi 50, na kila baada ya ngazi kadhaa alichagua uwezo mwingine. Uwezo wa kuruka angani, ambao kila mtoto angeutaka tangu dakika ya kwanza, ulipatikana kuanzia ngazi ya 14. Kabla ya hapo shujaa mwenye joho refu na kinyago alikwenda mbio kwa miguu mitaani au akapanda treni ya mji kama raia wengine.

Yapo mambo Pemba yanayofanana na haya. Katika mchezo wa ng'ombe, ule wa Kengeja na Pujini, anayetazamwa na watu wote ni yule anayemkabili ng'ombe kwa kitambaa. Lakini ng'ombe ana kamba, na kamba ina wenyewe. Zipo ngoma na zumari, wapo kina mama wanaoimba, na ng'ombe mwenyewe hauawi. Mtu wa kitambaa akiachwa peke yake uwanjani, hapana mchezo tena. Kwenye karafuu ni hivyo hivyo: yupo apandaye mkarafuu, wapo wanaochambua makonyo jioni, na yupo anayeangalia majamvi ya kuanikia ili mvua isimtangulie. Aliyepanda juu ndiye anayesifiwa, ila karafuu zilizonyeshewa hazimpi bei nzuri kwa sababu ya ushujaa wake mtini.

Kazi isiyogombewa

Katika kila mchezo wa aina hii, wanaotaka kupiga ni wengi na wanaotaka kutibu ni wachache. Anayetibu huonekana anapokosea tu. Timu ikishinda, hutajwa aliyeangusha maadui wengi. Ikishindwa, husakwa tabibu. Mtoto aliyeishika kazi hiyo kwa miezi amejifunza jambo ambalo watu wazima wengi linawashinda, nalo ni kuangalia hali ya wenzake kabla ya kuangalia hesabu yake mwenyewe.

Hata hivyo mzazi asiharakishe kupiga ramli. Mtoto anaweza kuchagua kutibu kwa sababu ana huruma, au kwa sababu simu yake ni nzito na kidole chake hakiwahi kulenga shabaha. Anaweza kuchagua kupiga kwa sababu ni mkali, au kwa sababu rafiki yake ameshawahi nafasi ya kifaru. Swali la "wewe humo ni nani" halikusudiwi kumhukumu. Linampa mtoto nafasi ya kueleza, na mtoto anayeeleza mchezo wake kwa mama yake hana haja kubwa ya kujificha nao chumbani.

City of Heroes ulikuwa na jambo jingine linalofaa kutajwa katika ukurasa huu wa familia. Aliyetangulia ngazi nyingi aliweza kumchukua aliye chini kuwa msaidizi wake, na yule mdogo akapandishwa kwa muda hadi ngazi moja chini ya mkubwa, ili waende pamoja bila mmoja kuwa mzigo. Mkubwa naye aliweza kushushwa amfuate mdogo. Kaka wa miaka 17 na mdogo wake wa miaka 11 wangecheza timu moja. Michezo mingi ya sasa haina utaratibu huo: mdogo hutupwa na walio sawa na yeye, na mkubwa humkimbia kwa kuwa atamharibia rekodi.

Meza ya almasi

Mchezo unaoingia kwa urahisi zaidi katika simu ya kijana wa Wete au Mkoani si wa kompyuta. Ni Free Fire, wa kampuni ya Garena ya Singapore, uliotoka mwaka 2017 na kutengenezwa ili uende hata kwenye simu ya bei nafuu. Wachezaji 50 hushushwa kisiwani na kupambana mpaka abaki mtu mmoja au timu moja, kwa muda wa dakika kumi hivi. Ni mchezo wa bunduki, na jambo hilo pekee latosha kuwaweka mbali nao watoto wadogo. Lakini ndani yake mna wahusika wenye uwezo maalumu, kama walivyo mashujaa. Kelly hukimbia kuliko wengine. Alok huzungushia wenzake duara linalowaongezea uhai na mwendo. Wukong hugeuka kichaka, na watoto huangua kicheko adui akikipita kichaka hicho bila kukishuku. Mchezaji huweza kuchanganya uwezo wa wahusika mbalimbali akajitengenezea shujaa wake, na ufundi wa kuchanganya ndio mazungumzo ya vijana.

Wapo wazee wanaosikia maneno "nguvu", "kutibu" na "kuinua aliyeanguka" wakashtuka, na Pemba maneno hayo yana uzito wake. Ndani ya simu ni hesabu tupu. Uhai wa mchezaji katika Free Fire ni namba, 200. Risasi hupunguza namba, duara la Alok huiongeza kidogo kidogo. Penye tatizo pana mlango mwingine.

Mlango huo ni wa fedha. Katika mchezo wa mwaka 2004 kila mchezaji alilipa ada ile ile, karibu dola 15 kwa mwezi, kisha nguvu akazichuma kwa kucheza. Mwenye fedha nyingi na mwenye fedha za kubahatisha walianza ngazi ya kwanza wote. Katika Free Fire kucheza ni bure, lakini kwa miaka mingi wahusika wengine walipatikana kwa sarafu za mchezoni na wengine kwa almasi, na almasi hununuliwa kwa fedha halisi. Bunduki nazo hupambwa, na baadhi ya mapambo si rangi tu: huongeza madhara ya risasi au kasi ya kuijaza. Mengi hayauzwi moja kwa moja. Huwekwa kwenye makasha na magurudumu ya bahati, mtoto akalipa bila kujua atapata nini.

Ubelgiji iliyatazama makasha ya namna hiyo katika michezo kadhaa, na mwaka 2018 tume yake ya michezo ya bahati ikasema hiyo ni kamari, lazima yaondolewe. Familia ya Kizanzibari haihitaji tume ya Ulaya kuijua kamari inapoiona. Kinachoifanya isionekane ni kwamba haifanywi kwa pata potea sokoni, bali kwa almasi zinazong'aa na muziki, kwenye simu aliyonunua baba mwenyewe.

Si kwamba haiwezekani kufanya vingine. Marvel Rivals, mchezo wa mashujaa uliotoka Disemba 2024, ulianza na mashujaa 33 na wote walikuwa wazi kwa kila mchezaji bila malipo. Kinachouzwa ni mavazi. Una kazi tatu, ya kukinga, ya kupiga na ya kusaidia, na timu ni ya watu sita. Anayenunua vazi la laki moja hampigi ngumi zaidi asiye na senti. Ila mchezo huo unataka kompyuta yenye nguvu au mashine kama PlayStation, kitu ambacho Pemba kipo kwa wachache, zaidi wale wenye jamaa Maskati au Dubai. Na vazi nalo linauma mfuko, basi tu haliamui nani mshindi.

Haifai kuwapamba wa zamani kupita kiasi. City of Heroes nao mwaka 2011 ulifungua mlango wa bure na duka ndani. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Novemba 2012, wenyewe wakauzima. Waliokuwa wamepanda ngazi zote 50 kwa miaka minane walikusanyika katika viwanja vya mji ule wa kubuni, wakakaa na mashujaa wao mpaka skrini ikakatika. Ulirudi miaka saba baadaye kupitia wapenzi wake, na Januari 2024 kundi lao moja likapewa kibali rasmi. Mashujaa wa zamani hawakurudi nao. Watu walianza upya. Mtoto anayeomba fedha za almasi aelezwe kisa hicho bila kukaripiwa: anachonunua kinakaa kwenye mashine ya kampuni, na siku ikizimwa hakuna wa kumdai.

Kwa upande wa nyumbani, namba ya siri ya pesa ya simu isijulikane na mchezaji, na akaunti ya duka la programu iwekewe sharti la kuuliza nywila kwa kila ununuzi. Maikrofoni ya timu izimwe kwa watoto, kwa sababu anayezungumza upande wa pili hajulikani ana umri gani wala nia gani. Mtoto wa kike anaposikika sauti, maneno ya wageni hubadilika haraka.

Inabaki saa. Ugomvi mwingi hutokea si kwa sababu mtoto anakataa kuacha, bali kwa sababu anaambiwa aache akiwa katikati. Akitoka ghafla, watatu aliokuwa nao katika kikosi hubaki pungufu, na kama yeye ndiye aliyekuwa akiwatibu, wameshapotea. Mzazi anayejua kwamba raundi moja ni dakika kumi hivi anaweza kukubaliana naye kwa raundi badala ya kupiga kelele: mbili baada ya kurudi chuoni, moja baada ya kumaliza kazi za skuli. Magharibi ikiwa inaadhiniwa saa kumi na mbili na nusu, raundi ya mwisho huanza si zaidi ya kumi na mbili na dakika kumi. Ya kumi na mbili na robo haianzwi, hata kama wenzake wote wameshaingia wanamngoja yeye.