FEZA ZA KAISARI ZILIZOCHAKAA: NAMNA MTU WA MFUKO MDOGO ANAZIKUSANYA



Kila mara tunaposoma Mathayo 22 katika ibada, na tena tunapofika kwa Historia ya Roma, ulizo moja linarudi: ile feza ya Kaisari ilikuwa ya namna gani, na je, mutu anaweza kuiona leo? Tumeona ni vizuri kujibu katika gazeti letu. Kwa kuwa neno «feza» linatuchanganya (ni makuta, ni tena chuma cheupe), hapa tutasema sarafu kwa zile piesi za chuma, na feza nyeupe kwa chuma chenyewe.

1. KWA NINI ZIKO NYINGI

Wengi wanawaza kwamba kitu cha miaka 1700 ni cha matajiri na nyumba za ukumbusho tu. Si hivyo. Warumi walitengeneza sarafu nyingi mno, na hawakuwa na banki kama sisi. Siku ya vita au ya hatari, mutu alitia makuta yake ndani ya chungu, akachimba shimo, akafukia. Wengine hawakurudi kuchukua. Katika mwaka 2010, kule Frome katika Uingereza, mutu mmoja alipata chungu cha namna hii ndani ya shamba. Walipohesabu, walikuta sarafu 52.503, uzito wake karibu kilo 160. Chungu kimoja tu!

Basi bei ya sarafu haitoki kwa uzee wake. Inatoka kwa mambo matatu: zimebaki ngapi, picha yake ingali wazi namna gani, na watu wangapi wanaitafuta. Dinari ya Tiberius, aliyetawala wakati wa Yesu (mwaka 14 mpaka 37), iko na bei kubwa hata ikichakaa, kwa sababu kila Mkristo anaitamani. Lakini sarafu ndogo za shaba za wakati wa Constantinus na watoto wake, ambazo ni za miaka 300 nyuma ya Tiberius, zinauzishwa kule Ulaya na Marekani chini ya dola kumi. Zile zilizochakaa sana, dola mbili tatu tu. Ndiyo maana kule hata vijana wa masomo na wazee wa pensheni wanazikusanya.

2. MAKUNDI MATATU YA KUANZA NAYO

Mwenyi makuta kidogo hawezi kukimbilia kila kitu. Anachagua kundi moja, analijua vizuri, kisha anaenda kwa lingine.

a) Sarafu za taji la miiba. Tunaziita hivi kwa sababu Kaisari anavaa taji lenye ncha kama mionzi ya jua. Caracalla ndiye aliyezianzisha mwaka 215. Na hapa kuna fundisho ambalo sisi Wakongomani tunaweza kulifahamu kuliko Wazungu. Sarafu hii ilipaswa kuhesabiwa kama dinari mbili, lakini uzito wake ulikuwa wa dinari moja na nusu tu. Na mwanzoni, karibu nusu yake ilikuwa feza nyeupe. Vita vilizidi, askari walidai mishahara, serikali ikapunguza feza nyeupe na kuongeza shaba. Mwaka 270 ulipofika, feza nyeupe ilikuwa chini ya tano kwa mia. Walipaka feza nyeupe juu tu, kama rangi juu ya ukuta wa udongo. Katika mikono ya watu rangi ile ikatoka, shaba ikaonekana, bei za sokoni zikapanda. Mwaka 301 Kaisari Diocletianus alitoa amri ya kuweka mwisho wa bei za vitu vyote, na kumhukumu kufa mwenyi kuipita. Amri haikufaulu.

Wazazi wetu watatikisa kichwa wakisoma hii. Mwaka 1967 zaire moja ilikuwa sawa na dola mbili. Mwaka 1993 ilihitajiwa zaire milioni tatu kupata zaire mpya moja, na mwaka 1998 zaire mpya 100.000 kupata franga moja. Serikali ya Roma ilitumia shaba, yetu ilitumia karatasi, lakini njia ni ile ile. Kwa hiyo sarafu iliyochakaa ya kundi hili ni nzuri kuliko ile inayong'aa: imevuliwa nguo, na uwongo wa mwenyi kuitengeneza unaonekana waziwazi.

b) Sarafu ndogo za mwaka 300 na zaidi. Upana wake ni kama kifungo cha koti. Hizi ndizo nyingi kuliko zote. Upande mmoja kuna kichwa cha Kaisari. Upande wa pili kuna picha chache zinazorudi kila mara: askari wawili wanaosimama na bendera katikati yao (tangu 330), mbwa-mwitu jike akinyonyesha watoto wawili, ile hadisi ya mwanzo wa Roma, askari anayemchoma adui kwa mkuki, naye adui anaanguka toka juu ya farasi (tangu 348). Mwenyi kujua picha hizi tatu amekwisha kujua sehemu kubwa ya kisanduku cha mwuzaji.

c) Sarafu za Bizanti, maana yake ufalme wa Roma wa mashariki, mji wake mkubwa ukiwa Konstantinopoli, leo Istanbul. Mwaka 498 Anastasius alitengeneza sarafu ya shaba yenye herufi moja kubwa nyuma: M. Kwa Kigiriki M ni hesabu ya 40. K ni 20, I ni 10, E ni 5. Hata mama wa sokoni asiyejua kusoma kitabu aliweza kujua bei. Tangu mwaka 538, Justinianus aliongeza mwaka wa utawala wake. Tukiona ANNO upande wa kushoto na XX upande wa kuume, tunahesabu tangu 527, tunajua imetengenezwa mwaka 546 ao 547. Sarafu gani ya leo inasema wazi hivi hata ikichakaa?

Ndani ya kundi hili kuna sarafu moja ya ajabu. Tangu karibu mwaka 970, kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja, walitengeneza sarafu za shaba zisizo na kichwa cha mfalme wala jina lake. Mbele ni uso wa Kristo. Nyuma, kwa Kigiriki, maneno ya kumwita Yesu Kristo Mfalme wa wafalme. Katika Mathayo 22 Bwana aliuliza juu ya sura na maandiko. Kwa sarafu hii, jibu lingekuwa gumu kidogo! Tunawaachia walimu wa Dini mabishano hayo.

3. KUSOMA SARAFU ILIYOCHAKAA

Hapa ndipo furaha ya mwenyi mfuko mdogo. Tajiri ananunua sarafu safi, jina limeandikwa wazi. Sisi wengine tunapaswa kutafuta kama daktari anayemshika mgonjwa. Njia ni hii:

Kwanza, tia sarafu karibu na dirisha, taa ao jua vitoke upande, si juu. Kivuli kidogo kinainua herufi ambazo macho hayakuziona.

Pili, pima uzito na upana. Sarafu ya M ya wakati wa Justinianus inaweza kupita gramu 20. Ile ya askari wawili haifiki gramu tatu mara nyingi. Kipimo peke yake kinaondoa nusu ya mashaka.

Tatu, tafuta herufi zinazorudi. IMP ni mkuu wa majeshi. CAES ni Kaisari. AVG ni Augusto. D N ni «Bwana wetu». Hawakuwa na U, waliandika V. Ukipata mwanzo CONST… usifurahi upesi: baba na watoto wake waliitwa Constantinus, Constantius na Constans, na mwisho wa jina ndio mara nyingi umefutika. Angalia picha ya nyuma pia, itasaidia.

Ine, angalia chini kabisa, chini ya mstari wa picha. Pale kuna alama ya mji uliotengeneza. SMANT ni Antiokia. ALE ni Alexandria. CONS ni Konstantinopoli. TS ni Thesalonike. TR ni Trier katika Ujeremani. Wandugu, fahamuni jambo hili: Antiokia ndipo wanafunzi waliitwa Wakristo mara ya kwanza (Matendo 11:26), na Thesalonike ndipo Paulo alituma barua mbili. Sarafu ya dola tatu inaweza kutoka katika mji ambao tunausoma kila juma la Mungu.

4. KUSAFISHA NA KUCHUNGA

Mwanzishaji anaharibu sarafu nyingi kwa sababu anataka zing'ae. Ile ngozi ya kijani ao nyeusi juu ya shaba si uchafu. Ndiyo inayoshika picha. Ukisugua na mchanga, limao, siki ao chuma, ngozi inatoka pamoja na picha, na sarafu iliyopita vita na moto kwa miaka 1700 inakufa kwa dakika tano. Wenyi akili wanailoweka ndani ya maji safi ya duka la dawa (yale ya mvuke), wanayabadilisha kila siku, wanasukutua na burashi laini ya meno. Kazi hii inaweza kuomba majuma mengi. Haraka haina baraka.

Ukiona unga mwepesi wa kijani-mweupe unaotoka tena na tena, huo ni ugonjwa wa shaba. Chumvi iliyo ndani pamoja na unyevu inakula chuma. Tenga sarafu ile, ikauke kabisa, isikae na zingine. Tena, usizitie ndani ya mifuko laini ya plastiki, kwa maana mingine inatoa mafuta yenye kunata. Bahasha ndogo ya karatasi inatosha, na juu yake unaandika: nani, lini, mji gani, uzito, ulinunua wapi. Sarafu bila maandishi ni yatima.

5. MITEGO MIWILI

Mtego wa kwanza ni sarafu za uwongo. Za kweli zilipigwa kwa nyundo. Za uwongo nyingi zimemiminwa ndani ya kinyago. Tazama ukingo: mstari unaozunguka, ao vitundu vidogo kama vya povu, ni alama mbaya. Sarafu mbili zenye mkwaruzo mmoja pahali pamoja ni ndugu wa tumbo moja, yaani nakala. Sarafu zilizochakaa za bei ndogo haziigwi sana, kwani faida yake ni kidogo. Lakini zile zinazouzishiwa wageni karibu na mabomoko ya zamani, jihazari.

Mtego wa pili ni mzito zaidi, na unawanasa hasa wenyi mfuko mdogo. Kuna watu wanauzisha mafungu ya sarafu zenye udongo wake bado, bei chini kabisa. Mara nyingi zimechimbwa kwa siri, usiku, bila ruhusa. Mtasema: «Lakini ni sarafu za kawaida tu, ni mbaya gani?» Rudini kwa chungu cha Frome. Yule aliyekipata aliacha kuchimba, akaita wenyi ujuzi. Wao waliondoa sarafu tabaka kwa tabaka. Wakaona kwamba nyingi za Carausius, zilizokuwa mpya kuliko karibu zote, hazikuwa juu bali chini ndani ya chungu. Basi chungu hakikujazwa polepole kama akiba. Kilijazwa kwa mara moja. Kama angemwaga vyote ndani ya gunia, tungekuwa na sarafu zile zile 52.503, lakini neno lile lingepotea milele.

Kwa hiyo mkusanyaji mwaminifu anauliza kila mara: imetoka wapi, nani alikuwa nayo mbele, karatasi iko? Katika inchi nyingi, sawa Uturuki, kila kitu cha zamani kilicho ndani ya udongo ni cha Serikali, na kukipeleka inje ni kosa la kufungwa. Afazali sarafu moja inayojulikana asili yake kuliko mia za giza. Amri ya nane haiweki bei ya chini.

6. NA SISI HUKU?

Mtauliza: mambo haya yatufaa nini, hapa ambapo sarafu za Kaisari hazipatikani sokoni? Yatufaa kwa njia. Ndani ya masanduku ya wazee wetu kungali sengi 10 za mwaka 1967 zenye picha ya chui, makuta tano zenye uso wa Mobutu, na franga mbili za mwaka 1943 zenye tembo na pembe sita kando. Nyingi zimechakaa, watoto wanachezea. Bei yake sokoni ni bure. Tuziombe kwa heshima, tusizisugue, tuandike bahasha: nani alitupa, alizipata wapi, wakati ule zilinunua nini. Babu akisema «na hii nilinunua kilo ya chumvi», andika pale pale, kwa maana neno lile haliandikwi juu ya chuma.

Roma ilianguka, Konstantinopoli ilianguka mwaka 1453, na tunazijua kwa sehemu kubwa kwa vitu vidogo ambavyo mutu fulani hakuvitupa. Tusingoje wageni waje kutukusanyia vya kwetu.

Mungu awabariki katika masomo.

Kapita wa wanafunzi, Mwaka wa 6