Kuachilia si Kufuta: Mantiki ya Tarakilishi na Uteuzi wa Istilahi

Aghalabu katika tafsiri za maandishi ya tarakilishi, vitenzi "kufuta", "kuondoa" na "kuachilia" hutumiwa kana kwamba ni visawe. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba vitenzi hivi vina mipaka ya kimantiki ambayo mfasiri hana budi kuizingatia.

Programu inayoendelea kufanya kazi haijitoshelezi. Huazima vijenzi vilivyoandikwa na wengine, navyo hukaa katika maktaba zinazopakiwa kwenye kumbukumbu pindi zinapohitajika. Tuchukue mfano wa COM, utaratibu wa vijenzi uliotolewa na kampuni ya Microsoft mwaka wa 1993. Humo, kila kijenzi hujiwekea hesabu ya marejeleo. Kila rejeleo jipya linapotolewa, hesabu huongezwa moja kwa amri ya AddRef. Anayemaliza haja yake hupunguza moja kwa amri ya Release. Hesabu ikifika sifuri, kijenzi hujiangamiza chenyewe. Hivyo basi, mwenye kuachilia hutangua dai lake tu. Huenda wapo wengine wanaoendelea kukitumia kijenzi kicho hicho, na tukisema "amekifuta" tumemsingizia.

Je, utaratibu huu ukikiukwa? Wahenga walinena: kukopa arusi, kulipa matanga. Programu isiyoachilia hulimbikiza mzigo kumbukumbuni. Ndiyo sababu Excel iliyoanzishwa na programu nyingine huweza kubaki hai kisirisiri hata pasipo dirisha lolote. Vijenzi viwili vinavyoshikana, kila kimoja kikingoja kingine, havifiki sifuri kamwe. Kinyume chake, anayeachilia mara mbili alichokipokea mara moja huwadhulumu watumiaji wengine, na programu huweza kuanguka ghafla.

Maktaba nayo ina zamu yake. Sharti vijenzi vyake vyote viachiliwe kwanza, ndipo iondolewe. Ikiondolewa mapema, vielekezi vilivyosalia huelekeza mahali patupu, mithili ya mgeni abishaye hodi kwenye nyumba iliyokwisha kubomolewa. Kwa hiyo COM huiuliza maktaba kwanza iwapo iko tayari kuondoka.

Kwa mintarafu hii, napendekeza "kuachilia" kwa kijenzi, "kuondoa" kwa maktaba iliyo kumbukumbuni, na "kufuta" kwa faili iliyo diskini. Mwanafunzi akisoma "futa maktaba" katika mwongozo, anaweza kuiangamiza faili yenyewe, ilhali mwandishi alikusudia ipumzishwe tu hadi itakapohitajika tena.