Mbuzi Anapopunguza Maziwa

Mbuzi wa Alpine kutoka Ujerumani walioletwa Nyeri katika miaka ya 1990, na wale wa Toggenburg walioletwa Meru kutoka Uingereza mwaka 1996, waliwafaa sana watu wenye vishamba vidogo. Lakini mara nyingi mbuzi aliyekuwa akijaza sufuria huanza kutoa kikombe kimoja tu, na mwenyewe, akidhani damu ya kigeni imekwisha, humpeleka kwa mchinjaji. Ni hasara ya bure.

Yafaa kwanza kuhesabu majuma tangu alipozaa. Baada ya mwezi mmoja au miwili maziwa hufika kilele, kisha hupungua polepole. Huo si ugonjwa. Yakipungua ghafula, itazamwe ndoo ya maji. Mbuzi ni mnyama mwenye kuchagua, na maji yaliyoingia kinyesi huyakataa ingawa ana kiu. Hori nalo litazamwe: majani ya nepia peke yake hushibisha tumbo, lakini hayaleti maziwa mengi mpaka yachanganywe na kaliandra au majani ya viazi vitamu.

Baya zaidi ni ugonjwa wa kiwele, maana waweza kuanza kwa siri. Kila asubuhi matone ya kwanza yakamuliwe katika kikombe cheusi. Yakionekana madonge, au upande mmoja wa kiwele ukiwa mgumu na wa moto, aitwe Bwana Mifugo siku ile ile. Upande ukiisha kufa haurudi.

Iko na sababu ya miaka, si ya siku: beberu kuwapanda binti zake. Kwa hiyo vikundi vya wafugaji wa Nyeri vilianza kubadilishana mabeberu.