Barakoa ya Mwangaza: Jinsi Nuru ya Picha Inavyoongoza Mkono wa Mhariri

Jicho la mwanadamu likitazama kichochoro cha Mji Mkongwe wa Unguja wakati wa adhuhuri, huona kwa pamoja anga linalong'aa juu ya mapaa na nakshi za mlango wa mbao ulio kivulini, kwa kuwa jicho hujirekebisha kila linapohama kutoka mahali hadi mahali, na ubongo ukaunganisha yote yaliyoonekana. Kamera haijirekebishi hivyo, bali hupokea nuru ya eneo lote kwa kipimo kimoja, hata ikawa mpiga picha akipimia mlango, anga huungua na kubaki jeupe tupu, na akipimia anga, mlango huzama gizani. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya kazi ya kuhariri picha ni kurekebisha sehemu moja bila kuiharibu nyingine, na miongoni mwa njia zilizobuniwa kwa kazi hiyo, iliyo makini zaidi ni ile inayoitwa barakoa ya mwangaza.

Katika programu za kuhariri picha, kwa kawaida mhariri hafanyi marekebisho juu ya picha yenyewe, bali huyaweka katika tabaka, yaani agizo linalolazwa juu ya picha na ambalo laweza kuondolewa wakati wowote. Barakoa ni picha ya weusi na weupe inayoambatanishwa na tabaka hilo ili kuamua ni wapi agizo lifanye kazi: palipo na weupe marekebisho hupita yote, palipo na weusi huzuiwa kabisa, na palipo na kijivu hupita kwa kadiri ya weupe wa kijivu hicho. Barakoa ya kawaida huchorwa kwa brashi au kwa kuzungushia mstari kitu kinachotakiwa. Barakoa ya mwangaza haichorwi kwa mkono, kwa kuwa hutengenezwa kutokana na picha yenyewe, ambayo hugeuzwa kuwa ya kijivu na kutumika kama barakoa yake, hivyo kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, hupata marekebisho kulingana na nuru iliyonayo.

Ili kuelewa jambo hili, yafaa kujua jinsi kompyuta inavyopima mwangaza. Katika picha ya biti 8, kila pikseli hubeba namba tatu kati ya 0 na 255, moja ya nyekundu, moja ya kijani na moja ya buluu. Namba hizo hazihesabiwi kwa uzito sawa, kwa sababu jicho huhisi kijani zaidi kuliko rangi nyingine na buluu kidogo kuliko zote. Kanuni moja inayotumika sana, iliyorithiwa kutoka televisheni ya rangi, huipa kijani takriban asilimia 59 ya uzito, nyekundu 30 na buluu 11. Pikseli ya jani yenye nyekundu 100, kijani 200 na buluu 50 hupata kwa hesabu hiyo mwangaza wa takriban 153, yaani asilimia 60 ya weupe kamili. Barakoa ya sehemu angavu, yaani picha ya kijivu kama ilivyo, itaruhusu asilimia 60 ya marekebisho kupita katika pikseli hiyo, na barakoa ya sehemu za giza, ambayo ni kinyume chake, itaruhusu asilimia 40.

Barakoa ya kwanza kwa kawaida huwa pana mno, kwa kuwa hata vivuli hupata sehemu yake. Dawa yake ni kuizidisha barakoa kwa yenyewe, jambo linalofanya kazi kama kuchekecha unga mara ya pili kwa chekeche ya matundu madogo zaidi. Pikseli ya asilimia 60 hushuka hadi asilimia 36, na ikizidishwa tena hufika karibu asilimia 22. Pikseli angavu sana ya asilimia 90 hubaki na 81, kisha 73. Ilhali pikseli ya kivulini ya asilimia 10 hushuka hadi asilimia 1 na baadaye hutoweka kabisa. Kwa njia hiyo mhariri hupata mfululizo wa barakoa, kuanzia ile inayogusa karibu kila kitu hadi ile inayogusa tu sehemu zinazong'aa kupita zote. Akizidisha barakoa ya sehemu angavu kwa ile ya sehemu za giza, hupata barakoa ya sehemu za kati, ambayo haizidi asilimia 25 popote. Hapa wanaoanza hubabaika, kwa sababu barakoa ikifunguliwa kama uteuzi, yaani eneo lililochaguliwa, programu ya Photoshop huonyesha mistari inayotembea kulizunguka pale tu uteuzi unapozidi asilimia 50, hivyo mtu huona kama kwamba hakuna kilichochaguliwa, ilhali barakoa ipo na inafanya kazi.

Katika picha ya kichochoro iliyotajwa, mhariri angeweza kuanza na mlango. Angeweka tabaka la kurva, yaani zana inayopandisha au kushusha mwangaza kwa kupinda mstari wa grafu, kisha angeliambatanisha na barakoa ya sehemu za giza na kuupandisha mstari huo polepole. Mbao na kina cha nakshi huinuka kutoka gizani, lakini vichwa vya misumari ya shaba, ambavyo tayari vilikuwa vinang'aa, huguswa kidogo tu na haviungui. Kwa anga angetumia barakoa ya sehemu angavu iliyochekechwa mara mbili na kuushusha mstari, ili mawingu mepesi yaonekane. Nyaya za umeme zinazokatiza juu ya kichochoro, ambazo zingemchosha mtu anayechora mpaka kwa brashi, hazileti taabu yoyote, kwa kuwa ni nyeusi na barakoa huziacha nje yenyewe.

Tatizo hubaki kwenye ukuta uliopakwa chokaa. Barakoa hutambua nuru tu, haitambui vitu, kwa hiyo ukuta mweupe unaopigwa na jua huhesabiwa pamoja na anga na hufifia nalo. Hapo mhariri hana budi kuchukua brashi nyeusi na kuufunika ukuta ndani ya barakoa. Kazi nzuri kwa kawaida huchanganya mambo hayo mawili, yaani hesabu inayolainisha mpaka na mkono unaoamua ni kitu gani kiguswe.

Fikra hii ni ya zamani kuliko kompyuta. Mpiga picha wa Marekani Ansel Adams, akishirikiana na Fred Archer, alibuni mnamo 1939 na 1940 mfumo wa kuigawa nuru katika kanda, kuanzia sifuri ambayo ni weusi kamili hadi kumi ambayo ni weupe kamili, ili mpiga picha ajue kabla ya kufyatua kamera kila sehemu itaangukia wapi. Ndani ya chumba cha giza alizuia nuru isifike sehemu fulani za karatasi na kuiongeza kwingine, na anga jeusi la picha yake maarufu ya mwezi juu ya kijiji cha Hernandez, iliyopigwa New Mexico mwaka 1941, lilitokana kwa kiasi kikubwa na kazi hiyo ya mikono. Wachapishaji wa picha za rangi kutoka filamu za slaidi walikwenda mbali zaidi, wakitengeneza kutoka slaidi hiyo hiyo negativu hafifu ya weusi na weupe na kuilaza juu yake kwa usahihi, ili izuie nuru palipong'aa na kuiachia palipokuwa na giza. Jambo hilo lilihitaji filamu ya ziada na subira nyingi, na ndilo programu za leo zinalolifanya kwa sekunde chache.

Katika Photoshop, uteuzi wa sehemu angavu hupatikana kwa kushikilia kitufe cha Ctrl na kubofya chaneli ya jumla ya RGB, yaani ya rangi zote tatu pamoja. Programu ya bure ya GIMP humpa mtumiaji nafasi ya kutengeneza barakoa kutoka nakala ya kijivu ya tabaka na kuigeuza kinyume, na Lightroom Classic ilipata mwaka 2017 uwezo wa kuyawekea marekebisho mipaka ya mwangaza kwa kusogeza vitelezi tu. Kwa kuwa GIMP ni ya bure, asiye na fedha za programu ya kulipia hakosi njia.

Hata hivyo, wepesi huo huzaa makosa. Vivuli vikipandishwa mno, chenga zilizojificha gizani hujitokeza, na faili ya biti 8, yenye ngazi 256 tu kwa kila rangi, huonyesha michirizi angani pale inapovutwa, tofauti na faili ghafi ya biti 14 yenye ngazi 16,384. Mhariri anayefungua kila kivuli na kushusha kila mwanga huishia na picha bapa isiyo na saa ya siku, kwa kuwa tofauti ya nuru na kivuli ndiyo iliyomwambia mtazamaji kwamba ni adhuhuri.

Kikomo kikubwa kuliko vyote ni kwamba barakoa haiumbi kitu. Anga lililoungua hadi 255 katika rangi zote halina mawingu ya kurudishwa, na kulishusha huligeuza kijivu tu. Kwa kuwa barakoa huchorwa na nuru ile ile iliyonaswa na kamera, ubora wake huamuliwa kabla kompyuta haijawashwa, na mpiga picha aliyechunga sehemu angavu zisiungue alipokuwa kichochoroni amekwisha kufanya nusu ya kazi ya uhariri.