Dinamiti chini ya ulimi

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama ku nyumba, kuko kidonge kidogo chenye muganga anaandikia mutu mwenye kifua kinamubana juu damu haifiki muzuri ku moyo. Kinaitwa trinitrini. Wengi wetu wanakimeza na maji sawa vile kinini. Ni kazi ya bure. Toka tumboni damu inakipeleka kwanza ku maini, na maini inakivunja karibu yote mbele kifike ku moyo. Lakini chini ya ulimi ngozi ni nyembamba na mishipa iko karibu: kinayeyuka na kuingia mu damu kwa dakika moja ao tatu. Wazee wa tumbako ya pua wanaijua ile njia. Pua nayo ni mulango.

Sisi watu wa mine, dawa hii tunaijua kwa jina lingine. Ni nitrogliserini, ile Alfred Nobel alitiaka mu dinamiti mu 1867. Sobrero, Muitalia mwenye kuivumbua, aliweka kidogo tu ku ulimi, kichwa kikamuuma vibaya. Mu viwanda vya dinamiti vilevile: wafanyakazi walipumzika posho na yenga, siku ya kwanza wakirudi, kichwa! Mu 1879 Murrell, muganga wa London, akaandika kwamba inatuliza moyo. Nobel mwenyewe alipougua moyo aliandikiwa hiyo hiyo, na mu barua ya 1896 alicheka kwamba wameipa jina trinitrini ili watu wasiogope.

Basi kidonge kikikuumiza kichwa, usikitupe. Ni tabia yake. Kaa chini kwanza, juu kinashusha damu na mutu anaweza kuanguka. Hapana kupanda ngazi ya shimo nacho mu kinywa. Maumivu yakipita dakika tano, ni hospitali, si kungoja mwisho wa poste. Usimupe mwenzako chako. Na wanaume tusikilizane: mwenye kutumia dawa ya nguvu za kiume, asichanganye hata kidogo, inaua.

Mama, kikiuzwa cha kuhesabu mu kasashe ya plastiki, kataa. Kinapoteza nguvu hapo, na mu mufuko wa salopeti, mu joto, vilevile. Kibaki mu chupa yake ya kioo, imefungwa sana.

Ku sendika tunaomba kila sanduku ya dawa ya chini iwe nacho, pamoja na infirmié mwenye kujua nani apewe.