Vinyunyizio au Ukungu wa Maji: Ipi Kinga Ifaayo kwa Maghala na Viwanda vya Pamba?

Katika msimu wa ununuzi wa pamba, ghala la chama cha msingi hugeuka kuwa hazina ya kijiji kizima. Jasho la mkulima wa Magu, Misungwi, Kwimba au Sengerema, lililomwagika tangu siku ya kupanda hadi siku ya kuvuna, hulala chini ya paa moja la mabati likingojea lori la kiwanda. Mara nyingi pamba hiyo ni mali na deni kwa wakati mmoja: ama mkulima bado hajalipwa, ama chama kimekopa ili kumlipa. Moto wa saa moja unaweza kuiteketeza mali hiyo yote na kuliacha deni likiwa palepale.

Kwa sababu hiyo, ni jambo jema kwamba vyama na vyama vikuu vinafikiria kununua mitambo ya kuzima moto inayojiendesha yenyewe. Mitambo inayotumia maji ni ya aina mbili. Ya kwanza ni vinyunyizio vya kawaida, ambavyo hudondosha maji kama mvua. Ya pili ni mfumo wa ukungu wa maji, ambao huyapasua maji yakawa matone madogo mno yanayoelea hewani. Mfumo huu wa pili husifiwa kwa kutumia maji machache, na sifa hiyo huvutia masikio ya wajumbe wa kamati. Makala haya yanakusudia kueleza tofauti za mifumo hiyo, ili wanachama wanapoketi katika mkutano mkuu wajue wanachokipigia kura.

JINSI PAMBA INAVYOUNGUA

Hatuwezi kuchagua dawa kabla ya kuujua ugonjwa. Pamba huungua kwa namna mbili. Pamba iliyotawanyika, pamoja na vumbi la nyuzi lililotanda juu ya kenchi na mitambo, huwaka juu juu kwa kasi kubwa. Mwali hukimbia kutoka pembe moja hadi nyingine kabla watu hawajapata nafasi ya kuita msaada. Pamba iliyorundikwa au kushindiliwa katika marobota huungua kwa namna nyingine. Moto huingia ndani na kutambaa polepole bila mwali, ukila nyuzi kama unavyokula unga wa mbao. Jiwe au kipande cha chuma kikipita katika mashine ya kuchambua hutoa cheche. Cheche ikishindiliwa ndani ya robota, moshi unaweza kuonekana siku kadhaa baadaye, wakati robota limekwisha pangwa ghalani katikati ya mengine.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Uzi wa pamba ghafi umefunikwa na nta ya asili. Pamba ya hospitali hunyonya maji upesi kwa sababu nta hiyo imekwisha ondolewa kiwandani. Pamba yetu hainyonyi upesi hivyo. Maji yakimwagwa juu ya robota, mengi huteleza na kuanguka chini huku moto ukiendelea ndani. Ndiyo maana wazima moto hutia dawa ya mfano wa sabuni katika maji, ili yapenye.

VINYUNYIZIO VYA KAWAIDA

Vinyunyizio si uvumbuzi wa jana. Mwaka 1874 Henry Parmelee wa New Haven, Marekani, alipata hataza ya kinyunyizio alichokitengeneza ili kulinda kiwanda chake cha piano. Mwaka 1881 Frederick Grinnell alikiboresha. Katika miaka ya 1880 vifaa hivyo viliingia katika viwanda vya pamba vya Lancashire, Uingereza. Kwa hiyo pamba ni miongoni mwa mali za kwanza kabisa kulindwa kwa njia hii.

Muundo wake ni rahisi. Mabomba yaliyojaa maji hupita chini ya paa. Kila baada ya mita chache pana kinyunyizio kilichozibwa kwa kichupa cha kioo chenye kimiminika ndani yake. Joto likipanda, kimiminika hutanuka na kukipasua kichupa, na maji hutoka. Rangi ya kimiminika huonyesha kiwango cha joto: nyekundu hupasuka kwenye nyuzi 68 za Selsiasi, manjano 79, kijani 93. Chini ya paa la mabati linalochomwa na jua, fundi hana budi kupima joto la kawaida kwanza ndipo achague rangi.

Watu wengi hudhani kwamba moto ukizuka vinyunyizio vyote hufunguka kwa pamoja na kuiharibu pamba yote. Sivyo ilivyo. Katika mfumo wa kawaida hufunguka vile tu vilivyofikiwa na joto, na moshi peke yake haufungui kitu.

Matone ya kinyunyizio ni makubwa na mazito. Yana uwezo wa kupenya hewa ya moto inayopanda na kuifikia mali inayoungua. Hulowesha pia mali iliyo jirani ili isishike moto. Hata hivyo tusijidanganye: vinyunyizio huuzuia moto wa marobota usienee, lakini si lazima viuue moto uliojificha ndani. Baada ya mwali kuzimika, marobota yaliyoguswa hutolewa nje, hufunguliwa na kulindwa kwa siku kadhaa.

UKUNGU WA MAJI

Mfumo wa ukungu hutumia hesabu nyingine. Lita moja ya maji ikigawanywa katika matone yenye upana wa milimita moja, nyuso za matone hayo yote kwa jumla hupata mita za mraba 6. Lita hiyohiyo ikigawanywa katika matone ya sehemu moja ya kumi ya milimita, nyuso hufikia mita za mraba 60. Kadiri uso unavyokuwa mkubwa, ndivyo maji yanavyonyonya joto upesi na kugeuka mvuke. Maji yakigeuka mvuke huongezeka ujazo mara 1,700 hivi, na mvuke huo huisukuma hewa mbali na mwali. Moto hupozwa na kunyimwa hewa kwa wakati mmoja.

Ili kupata matone hayo, maji husukumwa kwa kani kubwa kupitia matundu membamba. Katika mifumo ya kani ya juu, pampu hupita bar 35, na mara nyingi hukaribia bar 100. Mfumo huu ulipata msukumo mkubwa baharini baada ya meli Scandinavian Star kuungua mwezi Aprili 1990 na kuua watu 159. Kwa meli, uzito wa maji na mabomba ni jambo kubwa, na chumba cha injini ni chumba kilichofungwa chenye mafuta. Humo ukungu hufanya kazi vizuri sana. Marekani ilitoa kanuni yake ya kwanza ya mifumo hii, NFPA 750, mwaka 1996.

TOFAUTI ZINAZOTUHUSU

Kwanza, ukungu hupenda chumba kilichofungwa. Maghala yetu yana matundu ya hewa, milango mipana na paa refu, na upepo wa ziwa huvuma kila alasiri. Ukungu ni mwepesi, upepo huuchukua.

Pili, ukungu unahitaji mwali mkubwa ili uzae mvuke wa kutosha. Moto unaotambaa ndani ya robota hauna mwali na huendelea hata hewa ikiwa chache. Hapo nguvu kuu ya ukungu hupotea.

Tatu, matundu ya ukungu ni membamba mno na huziba. Maji ya Ziwa Victoria yakivutwa moja kwa moja huja na mchanga, ukoka na mabaki ya magugu maji. Mfumo wa ukungu hudai maji yaliyochujwa vizuri na mabomba yasiyoshika kutu. Vinyunyizio vina tundu pana zaidi na huvumilia, ingawa navyo vinadai chujio, na vikifunikwa na vumbi la pamba hugundua joto kwa kuchelewa.

Nne, vinyunyizio vina kanuni za jumla za kukokotoa maji kwa kila aina ya jengo na mali. Ukungu hauna kanuni ya jumla namna hiyo. Kila mtengenezaji hulazimika kuujaribu mfumo wake kwa moto halisi wa aina ileile utakaolindwa. Mfumo uliojaribiwa kwa chumba cha jenereta haukuthibitishwa kwa ghala la marobota.

HESABU YA MAJI

Sifa ya ukungu kutumia maji machache ni ya kweli, na gharama ya maji kwa vinyunyizio si ndogo. Kinyunyizio cha ukubwa wa kawaida, chenye kipimo K80, kikipata kani ya bar 1 hutoa lita 80 kwa dakika. Vikifunguka sita, ni lita 480 kwa dakika, yaani lita 28,800 kwa saa. Kanuni ya Ulaya, EN 12845, huagiza kwa majengo mengi ya viwanda milimita 5 za maji kwa dakika juu ya eneo la mita za mraba 216 kwa dakika 60. Hizo ni lita 64,800. Kwa ghala la mali iliyorundikwa juu, kiwango cha chini kabisa ni milimita 7.5 juu ya mita za mraba 260 kwa dakika 90: lita 175,500. Marobota yakipangwa juu zaidi, maji huongezeka. Tangi la plastiki la lita 5,000 lililo nyuma ya ofisi haliwezi kuitwa akiba ya vinyunyizio.

Mnara nao hautoshi peke yake. Maji yaliyo mita 10 juu huleta kani ya bar 1 chini ardhini. Lakini kinyunyizio kiko darini. Ikiwa kiko mita 6 kutoka ardhini, hubaki mita 4 tu, yaani bar 0.4, kabla ya kuhesabu kani inayopotea katika mabomba. Kwa hiyo pampu ni ya lazima, na iwe na injini ya dizeli au umeme wa akiba, kwa sababu umeme wa jengo hukatwa mara moto unapozuka.

KILA KINGA NA MAHALI PAKE

Kutokana na maelezo hayo, mgawanyo ufaao ni huu:

(a) Ghala la marobota la kiwanda: vinyunyizio, vyenye tangi na pampu vilivyokokotolewa na mhandisi kwa urefu halisi wa marundo. Iachwe nafasi ya mita moja kati ya rundo na kinyunyizio, na sentimita 60 kati ya rundo na ukuta, kwa kuwa robota likilowa huvimba na laweza kuusukuma ukuta.

(b) Chumba cha jenereta, cha pampu za mafuta au cha mitambo ya umeme kiwandani: ukungu unafaa, mradi chumba kifungike na mfumo uwe na cheti cha majaribio ya moto wa aina hiyo.

(c) Ghala la chama cha msingi lisilo na maji ya uhakika: mfumo wowote kati ya hii miwili utakuwa mapambo. Fedha hizo zitumike kwanza kugawa mali katika marundo mawili au matatu yaliyotengana, kufagia vumbi kila jioni, kuondoa nyaya za umeme zilizochubuka, kuzuia sigara na majiko, kuegesha malori mbali na mlango, na kuweka mitungi ya kuzimia moto, mapipa ya maji na ndoo. Mlinzi wa usiku afundishwe kuvitumia, na ajue namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUPIGA KURA

Katibu anapopokea pendekezo la muuzaji, aliweke mbele ya bodi pamoja na majibu ya maandishi ya maswali haya. Mfumo umejaribiwa kwa moto wa mali gani? Unahitaji lita ngapi, kwa dakika ngapi, na maji hayo yatatoka wapi mwezi wa Agosti? Pampu itaendeshwa na nini umeme ukikatika? Nani ataikagua kila wiki, na vipuri vinapatikana Mwanza au vinaagizwa nje? Kampuni ya bima itapunguza ada kwa kiasi gani? Ofisi ya Zimamoto imeiona michoro na kutoa maoni gani? Kama ununuzi ni wa mkopo, je, umo ndani ya ukomo wa madeni uliopitishwa na mkutano mkuu?

Wakulima wa kanda hii walianza kumiliki viwanda vyao vya kuchambua pamba katika miaka ya 1950, chini ya Victoria Federation of Co-operative Unions iliyoundwa mwaka 1955. Walivipata kwa makato madogo madogo ya kila mkulima. Mali iliyopatikana hivyo haistahili kulindwa kwa mtambo ulionunuliwa kwa sababu ya sifa yake tu. Muuzaji asiyeweza kujibu maswali hayo kwa maandishi asilipwe hata malipo ya awali, na katibu aandike sababu hiyo katika kumbukumbu za mkutano ili mkaguzi atakapokuja aikute.