Gari Kuukuu Linalovuja: Tundu Litafutwe Kabla ya Kuzibwa

Mwenye nyumba ya mabati ajua ya kuwa tone linaloanguka kitandani huenda limeingilia mbali, likafuata boriti, kisha likadondoka mahali pengine kabisa. Gari kuukuu lina tabia iyo hiyo. Dereva huona maji miguuni pake, akapaka lami sakafuni, na mvua ya pili ikamlowesha vile vile.

Mfano mzuri ni Land Rover za zamani, zilizoanza kuundwa Uingereza mwaka 1948, nazo hata leo zaonekana mashambani Kenya. Sehemu kubwa ya bodi yake ni alumini, isiyoshika kutu kama chuma. Lakini ukuta ulio kati ya injini na dereva ni wa chuma, nao ndio ushikao milango na kioo cha mbele. Maji yakituama chini ya ukuta huo, kutu huula kutoka ndani, huku rangi ya nje ingali nzuri. Tone lililodharauliwa huishia katika kazi ya kukata na kuchomelea chuma, na gharama yake hupita mbali bei ya kipande cha mpira.

Kwanza ijulikane maji yanatoka wapi. Sakafu ikilowa wakati wa kiangazi, huenda bomba la kipasha joto linavuja. Ikilowa gari lipitapo penye madimbwi tu, maji yanarushwa na magurudumu na kuingia kwa chini, penye matundu ya pedali au viungo vya mabamba ya sakafu. Lakini ikilowa gari likiwa limesimama mvuani, tundu liko juu.

Kazi ya kulitafuta yataka watu wawili. Mazulia yaondolewe, sakafu ikaushwe na kutandikwa magazeti makavu. Mmoja aketi ndani na tochi na chaki. Mwenzake amwage maji nje kwa mpira, polepole kama mvua, wala si kwa nguvu. Aanzie chini, apande juu kidogo kidogo, akikaa dakika chache kila mahali. Akianza juu, maji yatateremka kila upande na hakuna atakayejua yameingilia wapi. Aliye ndani atie alama ya chaki mahali tone la kwanza linapotokea, kisha alifuate kuelekea juu.

Mahali pa kushukiwa ni vifuniko vya hewa chini ya kioo cha mbele, mpira ulio chini ya fremu ya kioo hicho, kiungo cha fremu na paa, na mifereji ya vioo vya milango. Mpira wa mlango hupimwa kwa ukanda wa karatasi: mlango ufungwe juu yake, kisha uvutwe. Ukitoka bila kushikwa, mpira haubani.

Tundu likionekana, mpira wa kale ung'olewe, kutu ikwanguliwe, chuma kikaushwe na kupakwa rangi, ndipo mpira mpya utiwe. Kupaka gundi juu ya uchafu ni kuficha ugonjwa. Vitundu vilivyo chini ya mlango visizibwe kamwe, kwa maana ndivyo vitoavyo maji yaliyopenya kandokando ya kioo.

Mwisho, maji yamwagwe tena. Magazeti yakibaki makavu, mazulia yarudishwe, na mwenye gari aingoje masika bila hofu.